Tamasha Gani Hilo Lisilo na Vumbi?

Kuna uongo mmoja mtamu ambao umetembea sana tangu mwaka 2020, na wanaoutembeza si maadui zetu. Ni wenzetu, vijana kama sisi, wenye vipaji na simu nzuri. Uongo wenyewe unasema hivi: siku hizi tamasha la nyimbo la kimataifa halina ukumbi, liko hewani, kwa hiyo aliyeko Mvumi na aliyeko London wamekaa safu moja. Eti mlango umeng'olewa. Eti huhitaji nauli, viza wala kujuana na mtu. Washa simu, imba, dunia itakuona.

Mimi napinga. Nasema mlango haukung'olewa, umehamishwa tu, na huko ulikohamishiwa ni pabaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mlango wa ukumbi una mlinzi. Unaweza kumbembeleza, unaweza kumtukana, ukishindwa unasimama nje na muziki unausikia hivyo hivyo. Huu mwingine utabishana na nani?

Kabla sijarushiwa mawe, niseme jambo moja wazi. Sigombani na watu waliofunga kumbi wakati wa corona. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Hapa kwetu takwimu ziliacha kutolewa kufikia Mei 2020, na Juni Rais Magufuli akatangaza kwamba nchi imepona, muziki ukaendelea. Februari 2021, wakati karibu dunia nzima inatazama wasanii kwenye kioo, Sauti za Busara walifanya tamasha lao Zanzibar, pale Ngome Kongwe, tarehe 12 na 13, mbele ya watu wenye miili. Tarehe 17 mwezi huo huo Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki, na chama chake kilikuwa kimekwisha kusema kwamba anaugua corona. Sisemi hili lililetwa na lile. Nakumbusha tu hali ilivyokuwa, asije mtu akanisingizia kwamba nasifu msongamano wakati wa tauni. Anayefunga ukumbi ili watu wasife ana haki. Ninayegombana naye ni yule ambaye hatari ilipita, yeye akabaki anashangilia, akasema hivi ndivyo inavyofaa iwe siku zote, hasa kwa sisi watu wa mbali.

Tuanze na wale wanaoijua kazi hii, tusiwaonee. Shindano la nyimbo la Eurovision, ambalo vituo vya utangazaji vya Ulaya vimekuwa vikiliendesha tangu mwaka 1956, lilifutwa Machi 2020. Lilikuwa lifanyike Rotterdam, Uholanzi. Mwaka uliofuata likafanyika mji huo huo, Mei 2021, lakini kila nchi iliambiwa irekodi wimbo wake mapema kwenye studio ya kwao, uwe akiba kama msanii atashindwa kusafiri. Australia wakaitumia akiba hiyo: mwimbaji wao Montaigne alirekodiwa Sydney, na mkanda ndio uliopigwa Rotterdam. Lile la watoto, Junior Eurovision, lililoongozwa kutoka Warsaw, Poland, tarehe 29 Novemba 2020, lilikwenda mbali zaidi. Waimbaji wa nchi 12 hawakukusanyika mahali pamoja. Walirekodiwa kwao, mikanda ikaunganishwa, kura zikapigwa, Ufaransa ikashinda.

Lakini angalieni walianza na nini. Walianza kwa kukubaliana jukwaa. Studio za nchi zote zilitakiwa kuandaa jukwaa la umbo lile lile, ili mtazamaji asije akampa mtoto kura kwa sababu ya taa za kwao. Na gharama ilibebwa na vituo vya televisheni, haikubebwa na mama wa mtoto. Wale watu walielewa kwamba ukimwambia kila mshindani "rekodi huko huko kwenu," basi hushindanishi tena sauti. Unashindanisha nyumba.

Sisi Waafrika tulipewa nini? Mei 25, 2020, Siku ya Afrika, MTV Base walirusha onyesho la wasanii wakiwa majumbani mwao, Idris Elba akiwa mshehereshaji, Diamond Platnumz na Sauti Sol wakiwa miongoni mwa waliotangazwa kuimba, na fedha zilichangwa kwa ajili ya watu wenye njaa na watoto. Nia ilikuwa njema, sina neno. Ila jamani, waliotuimbia kutoka nyumbani ni watu wenye nyumba za kuimbia. Mwenye chumba kimoja chenye bati, ambacho mvua ikinyesha hata salamu haisikiki, yeye ataimbia wapi?

Na huku upande wa watazamaji nako kuna mlango. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida inakula karibu nusu ya GB moja. Kwa mtu wa ofisini hiyo si kitu. Huku kwetu tulijikusanya vijana watano kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya soda, na onyesho halijafika hata nusu bando likakata, mwenye simu akatuuliza nani ana jero. Hakuna aliyekuwa nayo. Tukaondoka. Sasa mtu aje aniambie kwamba mimi na yule wa London tulikaa safu moja! Redio ya betri mbili ilimfikishia bibi yangu muziki mwezi mzima, na haikumhesabia nyimbo.

Lakini kama unataka kuuona mlango huu mpya kwa macho yako, nenda Kampala.

Tuzo za muziki za MTV za Afrika, zile wanazoziita MAMA, zilipangwa kufanyika Kampala tarehe 20 Februari 2021. Zilikuwa ziwe za mtandaoni na kwenye televisheni, kwa mara ya kwanza tangu zianzishwe. Mshehereshaji aliyetangazwa ni DJ Khaled wa Marekani. Uganda ilikuwa ijitangaze kwa watalii, Afrika Mashariki tupate cha kujivunia. Safi kabisa. Sasa tazama kalenda. Tarehe 14 Januari 2021 Uganda ilikuwa na uchaguzi mkuu. Jioni ya tarehe 13 intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilirudi tarehe 18, na hata iliporudi mitandao ya kijamii iliendelea kufungwa mpaka Februari. Mgombea aliyekuwa wa pili, Bobi Wine, ambaye ni mwanamuziki, tena mwanamuziki hasa, alizingirwa na askari nyumbani kwake kwa siku 11. Halafu juu ya yote hayo, tangu Julai 2018 Mganda alikuwa akilipa shilingi 200 za kwao kila siku ili aruhusiwe kuingia kwenye mitandao ya kijamii, kodi ambayo ilikuja kuondolewa Julai 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 kwenye bando.

Tuelewane. Nchi iliyozima intaneti ndiyo iliyokuwa iwe mwenyeji wa tamasha la intaneti. Nchi ambayo mwanamuziki wake alizuiwa kutoka nje ya geti lake ndiyo iliyokuwa ituonyeshe kwamba muziki hauna mipaka. Watu wakapiga kelele, tarehe 4 Februari waandaaji wakatangaza kwamba tuzo zimeahirishwa, na sababu hawakuitaja. Hawakuwa na haja ya kuitaja. Na hilo ndilo linaloniuma: tamasha la uwanjani likifutwa, kuna watu wana tiketi mkononi, kuna mafundi wamefunga majukwaa, kuna mama amenunua viazi gunia zima vya kukaanga chipsi, na hao wote watadai. Hili la hewani lilifutwa kwa tangazo fupi, na pasingekuwa na hata kiti kimoja cha kurudishwa stoo.

Tusiwacheke majirani. Oktoba 2020, siku za uchaguzi wetu, mitandao ya kijamii ilibanwa, wengi wakaanza kutafuta njia za mkato. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Na nyuma ya hapo, mwaka 2018, zilikuja kanuni za maudhui mtandaoni ambazo zilimtaka hata mwenye blogu akate leseni, kwa ada ya mamilioni ya shilingi kabla ya ada hizo kupunguzwa baadaye. Kwa hiyo mtu anaponiambia nihamishie sanaa yangu yote mtandaoni kwa sababu huko hakuna mwenye mlango, namuuliza swali la kiswahili cha kawaida tu: ufunguo anao nani?

Hayo ni ya siasa na pesa. Sasa tuingie kwenye muziki wenyewe, maana kuna watu watasema nalalamikia umaskini tu, siku bando likishuka bei nitanyamaza. Sitanyamaza.

Muziki wa Wagogo haukai kwenye kioo. Siusemi ushairi hapa, nasema jinsi unavyofanya kazi. Wimbo wetu mzuri hauna mwimbaji mmoja na waitikiaji wake nyuma. Una sauti zinazopishana: huyu anaingia, yule anamkatiza, wa tatu anabeba juu, na katikati ya kupishana kwao ndipo wimbo unapozaliwa. Kwenye muheme akina mama wanabana ngoma kwa mapaja, macho yao yako kwa mwenzao, mikono inafuata bega la jirani. Wanaume wakicheza na njuga miguuni, miguu yao nayo ni ala. Ukimtoa mmoja, hujapunguza sauti moja, umeharibu mahali ambapo wengine walikuwa wanaingilia.

Sasa sauti hewani hutembea mita kama 340 kwa sekunde. Maana yake mtu aliye mita 10 kutoka kwangu, upande wa pili wa duara, sauti yake inanifikia baada ya sehemu 3 hivi za sekunde iliyogawanywa mara 100. Sikio linavumilia hapo. Ikizidi hapo sana, wapigaji wanaanza kuvutana, kila mmoja anamngoja mwenzake, ngoma inalegea. Kwenye mtandao wetu ucheleweshaji wa mara tatu au nne ya huo ni wa kawaida kabisa. Ndiyo maana mwaka 2020 zile kwaya mlizoziona kwenye vidirisha vidogo vidogo, nyuso ishirini zinatabasamu, hazikuwa zinaimba pamoja hata kidogo. Kila mtu aliimba peke yake chumbani, mdundo wa kompyuta ukimgongea kwenye spika ya sikioni, halafu fundi akashona vipande. Inawezekana kwa wimbo ambao umeandikwa tayari, kila mtu na mstari wake. Haiwezekani kwa wimbo ambao mstari wangu unategemea wewe umefanya nini sasa hivi.

Na programu zenyewe zile za mikutano ziliundwa kwa ajili ya maongezi ya ofisini. Mmoja akitoa sauti kubwa, zinawanyamazisha wengine. Sauti isiyofanana na maneno ya mtu zinaihesabu kuwa kelele, zinaifuta. Njuga ni nini mbele ya mashine kama hiyo? Ni kelele. Kayamba ni kelele. Vigelegele ni kelele. Mashine haina chuki, imefundishwa tu kwamba muziki ni mtu mmoja anayeongea vizuri.

Nitoe mfano ninaoujua. Jina la waandaaji nalihifadhi. Kulikuwa na tamasha moja la nje, la mtandaoni, lililotangaza kwamba linatafuta "sauti zisizosikika." Kikundi cha akina mama wa jirani yetu wakaniita mimi kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza cha fomu nakimudu. Masharti: video ya dakika tano, ilazwe, kusiwe na kelele za nje, kila mwimbaji aonekane uso. Tukarekodi asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaamka, tukafukuza kuku, tukawaomba watoto wakae mbali, na wale watoto ndio huwa wanaitikia. Tukatuma kutoka mjini Dodoma, maana kwa mtandao wa huku faili lilikuwa linapanda kama konokono. Jibu likaja baada ya wiki tatu, la adabu sana. Walisema wimbo ni mzuri ila watu ni wengi mno kwenye picha, sauti zinaingiliana, je, tunaweza kutuma tena mwimbaji kiongozi peke yake, au na mmoja wa kumsaidia?

Nikawasomea akina mama. Mama mmoja akauliza, "Kiongozi ndiyo nani?" Wakaangaliana, wakacheka sana. Halafu mwingine, mtu mzima, akaniambia taratibu, "Mwanangu, waambie tukija wawili hatutakuwa na wimbo, tutakuwa na maneno." Nikawaambia pia kwamba kwenye masharti kulikuwa na kifungu kinachosema ukituma video, wanaruhusiwa kuitumia popote duniani, milele, bila malipo. Hapo hawakucheka.

Sasa nisikieni vizuri. Wale waandaaji hawakuwa wezi, hawakuwa wabaguzi. Walikuwa watu wenye dirisha dogo wanaotafuta kitu cha kuenea humo. Na dirisha likiwa dogo, anayekatwa ni yule mwenye watu wengi.

Najua jibu litakalokuja, maana nimebishana na washikaji zangu mpaka usiku. Wanasema: wewe unaongea hivyo kwa sababu ya wivu wa bushi. Bila mtandao nani angewajua Wagogo? Viza ya Ulaya unaijua wewe? Kikundi cha watu kumi na wawili, kila mmoja pasipoti, kila mmoja taarifa ya benki, halafu ubalozi uko Dar es Salaam, halafu unakataliwa. Mtandao haukatai mtu viza.

Hoja hii ni nzito na siikwepi. Kwanza, Wagogo walijulikana zamani. Hukwe Zawose alitoka huku Dodoma na zeze na marimba yake, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akaja kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na matamasha ya WOMAD, akarekodi albamu ya Chibite iliyotoka mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki mwaka 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024, kwa kampuni hiyo hiyo, na wamepanda majukwaa ya Uingereza kwa miguu yao. Alisafiri mtu, na sahani ikafuata nyuma yake. Alipwe posho, alale, ale, agombane na fundi wa mitambo kuhusu marimba isikike vipi, arudi na kitu mfukoni cha ndugu zake. Video haina tumbo, kwa hiyo hakuna anayeilipa posho.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu: ukuta wa viza upo, ni mrefu, na unatuumiza. Lakini tamasha la mtandaoni halikuuvunja. Limewapa waliojenga ukuta kisingizio cha kuuacha usimame. Zamani mwandaaji akikosa Waafrika jukwaani kwake aliona aibu, alipiga simu ubalozini, aliandika barua, aligharamia tiketi. Siku hizi anaweka kioo kikubwa jukwaani, anatuonyesha dakika nne, anapigiwa makofi kwa kutukumbuka. Mbona wameshaonekana? Tulikuwa tunadai kiti, tukapewa picha ya kiti, na wenzetu wakasema tushukuru.

Mnisamehe kwa ukali. Lakini kijana anayeambiwa kila siku kwamba ushindi ni kuonekana ataacha kuuliza ameonekana na nani, kwa malipo gani, na baada ya kuonekana amekula nini.

Basi nifanye nini, nivunje simu? Hapana. Simu ninayo na nitaendelea nayo. Ninachosema ni mpangilio: kwanza duara, kamera baadaye. Kamera ije kwenye duara, duara lisivunjwe ili lienee kwenye kamera. Na mfano hatuna haja ya kuufuata Warsaw, uko humu humu wilayani kwetu. Chamwino, mwaka 2009, Kedmon Mapana, mwana wa huko, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, alianzisha tamasha la muziki wa Cigogo. Vikundi vinatoka vijijini, wazee na watoto, vinapigia mbele ya watu wanaojua wimbo ukiharibika umeharibikia wapi. Vumbi linapanda mpaka jua linakuwa jekundu. Mgeni wa nje akitaka kusikia, anapanda basi, anakaa chini ya mti kama sisi, anakula ugali wa uwele na mlenda. Akija na kamera, anarekodi kitu ambacho kingekuwepo hata asingekuja.

Hiyo ndiyo tofauti. Tamasha ambalo lingekuwepo hata bila kamera, na tamasha ambalo kamera ikizimwa halipo.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na nayasema kwa sauti ili wenye vyeo wayasikie. Televisheni ya taifa, ambayo ni yetu wote, ikitaka kutuingiza kwenye mashindano ya nyimbo ya kimataifa ya mtandaoni, ifanye walichofanya wale wa Junior Eurovision: ilete jukwaa, ilete mafundi na maikrofoni za kutosha duara zima, isituambie "rekodini huko huko." Kila kikundi kilipwe kwa siku ya kurekodi, kama anavyolipwa fundi wa taa. Mkataba uandikwe Kiswahili, na usiseme milele. Muziki urushwe redioni pia, usiishie kwenye bando, maana wenye wimbo ndio wasio na bando. Na mgeni anayetupenda kweli kwenye kioo atusaidie na viza. Kama hawezi hilo, aje yeye. Njia kutoka Dodoma mpaka Mvumi haina kizuizi cha uhamiaji.

Mtaniuliza, haya yanawahusu nini waandishi, gazeti hili si la muziki. Yanatuhusu sana! Na sisi tunaambiwa wimbo ule ule. Andika kifupi, watu hawasomi. Andika kitu ambacho mtu wa nje ataelewa bila kuuliza. Toa majina ya huko kwenu, punguza wahusika, baki na mmoja, msomaji apate wa kumfuata. Mimi naandika riwaya yenye ukoo mzima ndani yake, watu zaidi ya thelathini, wanakatizana maneno kama waimbaji wa hapa Mvumi, na nimeshashauriwa na mtu mwenye heshima zake nimbakize mjukuu mmoja anayekwenda mjini. Ni barua ile ile ya akina mama: tuma kiongozi peke yake. Nami jibu langu ni lile lile la yule mama. Nikibaki na mmoja sitakuwa na riwaya, nitakuwa na maneno.

Tena mtazame hata gazeti hili mnaloshika. Ni karatasi. Halina ujanja wowote. Lakini nakala moja inapita mikono mingi, inachafuka, inachanika ukurasa wa kati, na kila anayeipokea anakutana na aliyempa. Hakuna anayeweza kuizima jioni ya siku moja kabla ya uchaguzi. Siku mkialikwa kwenye tamasha la washairi la mtandaoni, nendeni, siwakatazi, someni vizuri, vaeni vizuri. Ila kabla ya kubonyeza hicho kitufe ulizeni mambo matatu: nani analipa, nani ana ufunguo, na wenzangu ninaowaacha nje ya picha ni akina nani.

Anayeona nimekosea aandike, wahariri watupe nafasi tujibizane humu humu. Na asiyetaka kuandika aje huku baada ya mavuno tukabishane uwanjani. Aje na viatu vya zamani. Kuna vumbi.